Barua ya wazi kwa mwakilishi wa wadi yetu: tuleteeni mswada kabla haujawa sheria

Kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi,
Bunge la Kaunti.

Nakala: Spika wa Bunge la Kaunti, Karani wa Bunge, Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti na Fedha.

KUH: SHERIA MPYA ULIZOTUTANGAZIA, NA USHURU WA SOKO

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka sokoni: za mama karanga wanaokaanga samaki, za wauza mboga na matunda, za mafundi cherehani, za vijana wa mitumba na za waendesha bodaboda wanaoegesha pale langoni. Tunakuandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha tumeifuata hadi ikatuishia. Barua tulizoleta ofisini kwako ziligongwa muhuri na nakala zake tunazo. Msaidizi wako alituahidi kikao, kikaahirishwa, kisha hakikutajwa tena. Ujumbe wa simu unasomwa na haujibiwi. Wala hatusemi wewe ni mtu mbaya; wengi wetu tulikupigia kura, na wapo ambao hadi leo wanalimia fulana zako za kampeni.

Kilichotufanya tuache kunyamaza ni kile kipeperushi cha rangi kilichogawanywa Ijumaa baada ya swala na Jumapili baada ya ibada, chenye picha yako na maneno kwamba katika kipindi hiki umewafanyia wananchi sheria mpya tisa. Tuliketi tukakisoma mstari kwa mstari. Kijana wetu mmoja anayesomea uanasheria alitusaidia kupata karatasi za Bunge na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala. Haya ndiyo tuliyoyaona, na ndiyo malalamiko yetu.

1. Sheria tisa, tukizihesabu, ni mbili

Kati ya hizo tisa, nne ni hoja: ya taa za barabarani, ya kivuko karibu na shule ya msingi, ya kisima na ya gari la wagonjwa. Zote ni hoja njema. Lakini hoja hupitishwa kwa sauti ya "ndiyo", kisha serikali ya kaunti inaweza kuifungia kabatini bila kuvunja sheria yoyote. Kisima chenyewe hakijachimbwa. Mbili nyingine ni miswada iliyosomwa mara ya kwanza na tangu hapo imelala kwenye kamati. Moja ni ombi la wananchi, tena wa wadi jirani, ambalo wewe ulisimama kuliunga mkono. Zinazobaki ndizo sheria kweli: ile inayoidhinisha matumizi ya mwaka, na Sheria ya Fedha inayopanga ada na ushuru.

Hizo mbili, Mheshimiwa, huja kila mwaka hata kama kiti cha wadi yetu kingekuwa kitupu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ndiyo inayolazimisha: makadirio yafike Bungeni kufikia 30 Aprili, matumizi yaidhinishwe kufikia 30 Juni, na Mswada wa Fedha upitishwe ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi. Huandikwa na idara ya fedha ya kaunti. Kazi ya mjumbe ni kuisoma miswada hiyo kwa jicho kali, kuuliza, kupunguza na kurekebisha. Tulilitafuta jina lako miongoni mwa waliochangia siku Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili. Halimo.

Hatukatai kwamba mjumbe anaweza kuhudumu muhula mzima bila kutunga sheria hata moja iliyo yake na bado akawa mjumbe mzuri. Anayezuia sheria mbaya moja ametusaidia kuliko anayeleta kumi zisizo na meno. Tunachokataa ni kuhesabiwa vitu visivyokuwapo, hasa pale kimoja kati ya vile vilivyopo kinapotutoa pesa mfukoni.

2. Mswada wa Fedha ulipita bila sisi kuuona

Hapa ndipo penye uchungu wetu.

Tangazo la kukusanya maoni lilitoka katika gazeti la Kiingereza, ukurasa wa ndani, siku chache kabla ya mkutano. Mkutano wenyewe uliwekwa hotelini makao makuu ya kaunti, na siku iliyochaguliwa ilikuwa siku yetu kubwa ya soko. Mama anayenunua samaki alfajiri ufuoni na kuwamaliza jioni hawezi kufunga biashara, akapanda matatu kwenda na kurudi, ili akasikilizwe kwa dakika mbili. Waliokwenda wanatuambia walikabidhiwa daftari la kutia saini kabla ya kukabidhiwa mswada. Mswada ulikuwa nakala chache za kuazimana. Maofisa walionyesha picha ukutani, wakauliza kama kuna maswali, chakula kikaletwa. Ripoti ya kamati inasema wananchi "waliunga mkono mapendekezo". Ni wananchi gani? Tungefurahi kuonyeshwa majina.

Unajua kuliko sisi kwamba ibara ya 196 ya Katiba inalitaka Bunge la Kaunti liwawezeshe wananchi kushiriki katika kazi zake za kutunga sheria. Ibara ya 201 inarudia jambo hilo hilo kuhusu fedha za umma. Na korti zilishasema ushiriki huo ni wa namna gani. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alitaja hata mahali pa kuwapata: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, kwenye redio za taifa na za lugha za wenyeji. Kiambu wakakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na jaji. Mahakama ya Juu nayo, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco mwaka 2019, ilisema ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli. Usiwe pambo wala zoezi la kujitafutia sifa.

Zingatia kwamba hukumu ya Kiambu ilihusu sheria ya aina hii hii, ya kaunti, ya ada na leseni. Kila kaunti kati ya 47 ilikuwa na nafasi ya kujifunza bila kulipia wakili.

Na bado mwaka 2024 ukatufundisha sote kwa njia ngumu. Mswada wa Fedha wa taifa ulipoletwa, vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kwenye TikTok na kwenye vikundi vya WhatsApp. Bunge la Taifa likaupitisha 25 Juni, watu wakafa mitaani siku hiyo, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Hatutaki kufika huko kwa sababu ya ushuru wa meza za samaki. Ndiyo maana tunaandika barua.

3. Lugha

Mswada ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, pamoja na Jedwali la ada, sehemu ambayo mchuuzi anaihitaji kuliko nyingine zote. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hapa Pwani, Mheshimiwa, unaomba kura kwa Kiswahili, unazozana na wenzako Bungeni kwa Kiswahili, unatania kwa Kiswahili, kisha sheria inatufikia kwa Kiingereza ikiwa na faini ndani yake. Bunge la Taifa lina Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili. Jedwali la ada za soko halizidi kurasa chache. Tumelitafsiri wenyewe, usiku, kwa msaada wa yule kijana na mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na nakala yake tumeibandika kwenye ukuta wa choo. Ukitaka, chukua, usahihishe, uitumie bure.

4. Tunalipa nini?

Baada ya kutafsiri ndipo tulipoelewa. Ushuru wa siku kwa meza umepanda kutoka shilingi 30 hadi 50. Juu yake kuna kibali cha mwaka ambacho zamani wenye meza hawakudaiwa, kwa sababu sasa meza na duka la matofali vimewekwa kundi moja. Kwa anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo shilingi 50 ni 1,300, na bado hajagusa kibali, barafu, mkaa, wala mwenye mkokoteni. Muuza mchicha ambaye mtaji wake wote ni shilingi 800 analipa sawa na muuza nyama mwenye jokofu. Kama ungekaa nasi nusu saa kabla ya kupiga kura, jambo hili peke yake ungelisikia kwa watu wa kwanza uliokutana nao, na marekebisho yake yangekuwa sentensi moja.

Ibara ya 209 inaziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Basi tuulize kuhusu huduma. Maji yamekatika sokoni tangu kabla ya mvua za vuli. Choo kina mlinzi anayedai shilingi 10, na hizo 10 hazimo kwenye Jedwali lolote. Ibara ya 210 inasema kodi au ada ya leseni haitozwi ila kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo tungependa kujua hizo zinakwenda mfuko gani. Taa mbili kati ya zilizowekwa zinawaka. Askari wa kaunti akija na mashine yake ya malipo huwa ina chaji ya kutosha, lakini karatasi ya risiti mara nyingi "imeisha". Mama asiye na risiti anadaiwa tena jioni na askari mwingine. Malipo ya namna hii ni kama nauli ya basi lisilotoka stendi.

Wapo miongoni mwetu wanaosema tusilipe kabisa. Uongozi wa soko umewakatalia, na utaendelea kuwakatalia, kwa sababu tunajua hospitali na barabara haziendeshwi kwa maneno. Lakini ukimya wako unawapa nguvu wao na kutunyima sisi.

5. Hazina ya mikopo

Hili ni fupi. Sheria ya hazina ya mikopo kwa wafanyabiashara wadogo ilipitishwa kabla ya muhula wako na ukaahidi kuifufua. Ofisini tunaambiwa hakuna kanuni za kuitekeleza, na bila kanuni pesa haziwezi kutolewa. Kanuni huandaliwa na serikali ya kaunti na kuletwa mbele ya Bunge. Je, umewahi kuuliza swali hata moja kwenye kikao kuhusu zilikokwama?

6. Basari, mabati na sufuria

Tunashukuru kwa mabati ya nasari na sufuria za vikundi vya akina mama. Lakini tukikuuliza habari ya sheria unatujibu kwa mabati, na hayo ni mambo mawili tofauti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inaeleza kazi ya mjumbe: kukaa karibu na wapiga kura, kushauriana nao kuhusu mambo yanayojadiliwa Bungeni, na kupeleka maoni yao. Kifungu hicho hicho kinamkataza mjumbe kujiingiza katika utekelezaji wa serikali au kutoa huduma kana kwamba yeye ni ofisa wa kaunti. Anayegawa sufuria mchana hawezi kumkagua jioni aliyezinunua. Wananchi nao, tuseme ukweli, wamekuzoesha hivyo, maana kila harusi na kila matanga jina lako ndilo la kwanza kwenye orodha ya mchango. Tukikuomba utunge na usome sheria, itabidi tukupunguzie hayo, na sisi kama kamati tumekubaliana kuanza kupunguza.

Majibu tunayoyatarajia

Utasema wewe ni mmoja tu katika Bunge zima. Ni kweli. Kenya ina wadi 1,450 na kila mjumbe anaweza kusema hivyo hivyo, kisha pasiwe na wa kuulizwa. Hatukuombi ushinde kura. Tunaomba Hansadi ionyeshe kwamba ulisema.

Utasema mkutano ulitangazwa na watu hawakuja, na kwamba siku hizi mwananchi haji bila nauli. Nauli wanaiomba kwa sababu mkutano uko mbali. Ulete sokoni, saa tisa alasiri, uone kama kuna atakayeomba. Radio Kaya na Pwani FM zinasikika kwenye kila kibanda hapa. Tangazo la gazeti la Kiingereza linafungiwa njugu.

Utasema pesa kutoka Nairobi zimechelewa, kwa hiyo kaunti lazima ijitegemee. Zinachelewa, hilo tunalijua, na magavana hulilia kila mwaka. Lakini fungu la kaunti kwa mwaka wa fedha 2025/26 lilipangwa kuwa shilingi bilioni 415, na si ucheleweshaji huo uliozuia kurasa chache za Jedwali kutafsiriwa. Tena ushuru unaopandishwa bila risiti hauijazi kaunti. Unajaza mifuko iliyo njiani.

Utasema tumetumwa na mpinzani wako wa 2027. Kamati ya soko ina watu wa vyama vyote na wawili wasiopiga kura kabisa. Aliyetutuma ni Jedwali la tatu la Sheria ya Fedha.

Tunachoomba

Kwanza, Mswada wa Fedha ujao ufike sokoni, kwenye ofisi ya chifu na kwenye maktaba ya shule ya sekondari walau wiki tatu kabla ya kukusanya maoni, ukiwa na Jedwali lake kwa Kiswahili. Kwa bibi zetu wa Kigiriama na Kiduruma wasiosoma, ofisa aje asome kwa sauti.

Pili, uitishe kikao cha wadi, ndani ya wadi, siku isiyo ya soko, na maoni yaandikwe na kusomewa waliohudhuria kabla ya kufungwa. Kamati ikiyakataa, tuambiwe sababu.

Tatu, ulete marekebisho ya Sheria ya Fedha iliyopo kutenganisha meza na duka, na kuweka daraja la chini kwa mwenye mtaji mdogo. Hilo la tatu ndilo litakalotufanya tuamini mengine. Mswada wa marekebisho unaweza kuletwa na mjumbe wa kawaida; ila ukigusa ushuru, unahitaji pia pendekezo la kamati husika baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha wa kaunti.

Nne, uulize rasmi, kwenye kikao na si kwenye simu, soko letu lilikusanya kiasi gani mwaka uliopita na kiasi gani kilirudi kulitengeneza. Hatukuombi ukisie. Tayari tumeomba takwimu hizo kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Zikipita, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Tano, kipeperushi kirekebishwe. Andika hoja nne, ombi moja, miswada miwili, sheria mbili. Hakuna atakayekucheka.

Pamoja na barua hii tumempelekea Karani ombi chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, kinachompa mtu yeyote haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria yake. Limetiwa saini na alama za vidole na wenye meza. Tungependa liwasilishwe na wewe, maana wewe ndiwe mjumbe wetu. Usipotaka, mjumbe wa wadi jirani amekubali.

Ukumbi wa ushirika tumeuomba kwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi jioni, na mwenye ukumbi hatatudai chochote. Njoo na Jedwali lako, sisi tutakuja na letu la Kiswahili, tuyapitie pamoja. Askari wa kaunti anayesimamia soko tumemwalika pia, aje na mashine yake na karatasi ya risiti.

Wako mwaminifu,

Katibu,
kwa niaba ya kamati ya wafanyabiashara wa soko.